Mama Mkwe Niliyemjua kwa Mgongo

Kwa miaka mingi nilimjua mama mkwe wangu kwa mgongo. Ningeweza kumtambua katikati ya soko la Wamunyu kwa namna leso yake ilivyofungwa kiunoni na kwa lile bega la kushoto lililokuwa na haraka kuliko la kulia, lakini mtu angeniuliza macho yake yakoje, ningebaki nimekodoa yangu. Sisemi hivi kumlaumu. Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni, heshima yenye aibu ndani yake, ambayo humfanya mwanamume asimtazame usoni mama aliyemzaa mke wake, na mama huyo asitie chakula mdomoni mbele ya mkwe. Nilipooa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, watu wengi walikuwa wameshaiacha. Walikutana na wakwe zao kanisani, wakashikana mikono, wakanywa chai pamoja na dunia haikupasuka. Mama mkwe wangu hakuiacha. Nikipiga hodi nilisikia kiti kikisukumwa, kisha mlango wa nyuma ukifunguliwa, na nikiingia nilikuta kikombe cha chai kinafuka moshi na mwenyewe hayupo.

Jambo hili lilinikera kuliko nilivyokubali. Mimi ni fundi wa kurekebisha cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River, na kazi yangu ni kukitazama kitu kilichokwama mpaka nijue kimekwamia wapi. Sasa mtu usiyeruhusiwa kumtazama utamwelewaje? Nilikuwa nikikaa sebuleni kwake nikitikisa mguu, nikisikiliza hatua zake nyuma ya ukuta, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka na mimi nasimama bila kujua naenda wapi. Mwende, mke wangu, alikuwa ananivuta shati nikae.

Lakini hata pasipo nthoni, hakuwa mtu wa kukaa. Wanawake wa umri wake walipoingia mahali walisema wacha niketi kidogo. Yeye alisema, "Wacha nisimame kidogo," hata kama alikuwa amesimama tayari. Siku ya harusi yetu kamati ilimwekea kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, na kiti kile kilikaa peke yake mchana kutwa. Mara alikuwa jikoni anawagombeza wapishi, mara langoni anaelekeza magari, mara nyuma ya hema anabishana na mtu wa vipaza sauti. Kwenye picha zetu zote za harusi hayupo, isipokuwa moja, ambamo anaonekana pembeni akiondoka.

Vyondo, vile vikapu vya kwetu, alisuka akitembea. Alibana kiondo kwapani, nyuzi za mkonge zikining'inia, vidole vikifanya kazi yao na macho yakiwa barabarani, na kiondo alichokianza Wamunyu kilikuwa kimeshapata tumbo akifika Masii. Ukimuuliza anaenda wapi alikujibu, "Niko na safari," basi. Mara nyingine safari yenyewe ilikuwa kumwona mtu aliyemwona jana.

Msidhani hatukuzungumza. Tulizungumza sana, ila maneno yetu yalipitia kwa watu wengine. Yalipitia kwa Mwende, na baadaye kwa mwanetu Kioko, ambaye alitumwa kati yetu kabla hata hajajua kusema vizuri. Kama hapakuwa na mtu, alizungumza na kuku.

"Nyinyi kuku," angesema kutoka nyuma ya jiko, "ambieni huyo mtu wa Athi River ameacha lango wazi, na ng'ombe wa watu hawana adabu."

Nami ningewajibu kuku wale wale: "Ambieni Mwaitu nimesikia, naenda kulifunga."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hivyo ndivyo nilivyomwita, ingawa neno lenyewe lilizunguka kwanza kwa kuku kabla ya kumfikia. Mwende alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa na kisirani ndani yake.

Kwa desturi kuna njia ya kuiondoa nthoni. Mkwe hupeleka mbuzi, na mbuzi huyo akishaliwa, mambo hulegea. Nilipeleka. Nilimchagua mwenyewe kwa wafanyabiashara wa Kisomali pale mnadani, beberu mnene wa rangi ya majivu, na wazee wakaja wakamchinja, na kila mtu akasema nimefanya vyema. Mama mkwe alikula sehemu yake jikoni. Nilimsikia akisifia maini. Ziara iliyofuata nilipiga hodi kwa furaha, nikasikia kiti kikisukumwa na mlango wa nyuma ukifunguliwa. Nilimtuma Mwende akaulize mbuzi alikuwa na kasoro gani.

Mwende akarudi anajikaza asicheke. "Anasema alikuwa anachechemea."

"Alikuwa hachechemei!"

"Basi mwambie mwenyewe," Mwende akasema, akijua fika siwezi.

Na hapo ndipo aliponichanganya kabisa, kwa sababu hakuwa mtu wa mambo ya kale. Mganga mmoja alipokuja kijijini kunusa uchawi kwenye nyumba za watu, yeye alimfukuza langoni kwa mwiko wenye uji. Kanisani aliwacheka akina mama walioogopa bundi. "Mambo ya zamani yalienda na wa zamani," alikuwa akisema. Nikamuuliza, kupitia kwa Mwende, kwa nini basi nthoni haikwenda nao. Jibu lilirudi haraka: "Hiyo si ya zamani. Hiyo iko."

Tena aliweza kuivunja akitaka. Mwaka mmoja upepo ulikuja kabla ya mvua ukalibeba bati la jiko upande mmoja. Mimi nilikuwa uani. Nikamwona ameikumbatia nguzo, leso imepeperuka, na akanipigia kelele moja kwa moja, bila kuku, bila mtoto: "Wewe! Unangoja nini? Panda juu ukalie hiyo mabati!" Nikapanda. Nikalikalia lile bati kama kuku anayelalia mayai, na yeye kule chini akinipa amri, huku, hapana, kule, kaza makalio, mpaka upepo ukachoka. Niliposhuka nikitegemea angalau asante, alikuwa ameshajifunika uso na kupotelea kwenye migomba. Kupitia kwa Mwende nililetewa chai na yai.

Mume wake alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu mpole aliyeweza kukaa kwenye kigoda kimoja kutwa nzima na kipande cha mti mapajani, na sijui wawili hao walielewana vipi. Alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake kwenye ule uwanja. Mwanzoni hatukuona tofauti, kwa sababu hakuwahi kuonekana amekaa naye. Kisha siku moja jirani akapiga simu kwamba amemkuta ameanguka njiani, kiondo upande huu na yeye upande ule, na anakataa kuinuliwa kwa sababu ati anapumzika. Yeye, kupumzika! Hapo ndipo tulipoogopa.

Daktari alisema ni shinikizo la damu, na kwamba mtu wa hali ile hafai kuishi peke yake. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Mwende aliacha sufuria zikaungua. Alipiga simu Wamunyu, na simu ya mama yake ilikuwa imezimwa ili kulinda chaji, basi akampigia jirani, jirani akachoka naye. Usingizi ulimpotea, nami ukanipotea kwa sababu yake. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake aje akae nasi Athi River, na mimi nilikubali kwa moyo mmoja. Mama mkwe alikataa. Sababu yake ilikuwa nthoni.

"Nitakula wapi?" alimuuliza Mwende. "Hiyo nyumba yenu haiko na mlango wa nyuma. Mkwe akikohoa nikimbilie choo na sahani yangu?"

Tulimwambia nitakula kazini. Tulimwambia tutaweka pazia. Nilisema hata nitahamia nyumba nyingine, na nilianza kweli kuulizia. Kila tulipoziba tundu moja alitoboa lingine, na kila mara Mwende aliporudi kutoka Wamunyu alikuwa amekonda kidogo. Mimi nilianza kuichukia ile nthoni waziwazi, kama adui aliyeniingilia ndani.

Kisha yeye mwenyewe akaleta habari. Alipiga simu, jambo lisilo la kawaida, akamwambia Mwende: kama shida ni kula, basi twende tukale. Lakini si kwenye vibanda vya chapati. Alitaka chakula cha jioni katika ile hoteli ya zamani ya mjini Machakos, na alitaka kukaa upande wa mbele, kwenye veranda. Angelala kwa dada yake mjini. Mwende alikata simu akanirukia shingoni. Sisi wawili tulielewa jambo moja: akiweza kula nami meza moja, hana tena sababu ya kubaki Wamunyu. Mwende alitandika kitanda cha mgeni siku hiyo hiyo.

Hoteli yenyewe ni ya mawe, ya tangu enzi za ukoloni, na sakafu yake nyekundu imesuguliwa nta mpaka unaogopa kuikanyaga. Miaka ile ilikuwa mikononi mwa familia ya wafanyabiashara Wasomali. Waliondoa baa, wakahakikisha nyama ni halali, na mengine wakayaacha kama walivyoyakuta: makoti meupe ya wahudumu, picha ukutani za watu ambao hakuna aliyejua ni akina nani, na kengele ya shaba inayogongwa chakula kikiwa tayari. Chakula chenyewe huja kwa utaratibu ule wa kale, supu kwanza, nyama baadaye, kisha pudini na kastadi.

Mimi kwa wasiwasi wangu nilitangulia mchana kupanga mambo. Nilimwomba mhudumu, mzee mmoja mtaratibu, aweke meza mbili kwenye veranda, karibu kabisa, lakini viti vipeane mgongo. Hivyo mama mkwe angekula bila kunitazama, na sote tungesema tumekula pamoja. Nilijiona nina akili. Mhudumu alinitazama kwa huruma.

"Pole, bwana," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mkikaa hivyo hamtasikizana. Mambo ya nyumbani ni kuongea."

Nikaona aibu kumweleza. Nikamwachia aamini nimekosana na mke wangu.

Walifika jua linazama. Nilikuwa nimeshakaa, uso umeelekea ukuta kama nilivyopanga, jasho likinitoka kwapani. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi, na sauti ya Mwende ikimwelekeza. Vikasimama.

"Hizi meza zimekosana?" akauliza.

Mwende akaanza kueleza. Mama mkwe hakungoja. Nilisikia kiti kikiburutwa kwenye ile sakafu ya nta, mlio wa kutisha, mhudumu akikimbia kusaidia, na mara mtu akaketi mbele yangu, kati yangu na ukuta.

"Nimekuja kula," akasema. "Siwezi kula nikiangalia mgongo. Nuvoo, Baba Kioko?"

Alikuwa ananisalimu. Moja kwa moja, kwa jina la mwanangu. "Nesa, Mwaitu," nikajibu, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

Ndipo nikamwona. Macho yalikuwa ya Mwende, ila yenye uchokozi zaidi. Meno ya mbele yalikuwa yamechongwa, kama ya watu wa rika lake, na shavuni alikuwa na kishimo ambacho sikuwahi kuambiwa habari zake. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso mkali. Kumbe ulikuwa uso wa mtu anayezuia kucheka.

Kengele ikagongwa, supu ikaja. Akaionja, akafikiri. "Hii imeoshewa mboga tu, nyama wamesahau," akasema, kisha akaimaliza yote. Kuku alipoletwa alilaza uma na kisu pembeni, akaomba maji, akanawa, akala kwa vidole kwa utulivu mkubwa, mfupa baada ya mfupa. Akamwita mhudumu.

"Mwanangu, hii kuku haikuwa na shingo?"

Yule mzee, ambaye huenda walilingana umri, akainama. "Nitaangalia, mama." Akaenda jikoni akarudi na shingo kwenye kisahani cheupe, ameifunika kama kitu cha thamani. Tulicheka wote, yeye mhudumu pia. Mama mkwe akaichambua ile shingo mpaka ikabaki mifupa mikavu. Akasimulia habari za mume wake, jinsi alivyowahi kumchonga twiga mwenye uso wa mchungaji wa kanisa lao, na mchungaji mwenyewe akamnunua bila kujijua. Sijui lini nilicheka vile tena mbele ya mkwe au mtu yeyote.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Sisi ndio tuliokuwa tunasimama. Mwende aliinuka kutafuta chumvi wakati chumvi ilikuwa mezani. Mimi niliinuka kuuliza mambo ambayo hayakuwa na haja. Yeye alikuwa ameketi, mgongo umeegemea kiti, viganja mapajani, haendi popote.

Pudini ilipokuja aliomba kastadi zaidi, akaanza kusimulia. Alipokuwa msichana, yeye na mama yake walikuwa wanaleta mayai kwenye dirisha la nyuma la hoteli hii hii. Watu weusi hawakupita mbele wakati ule. Siku moja alizunguka kona kwa udadisi, akamwona mwanamke wa Kizungu hapa kwenye veranda, anakula peke yake, mbwa amelala chini ya meza.

"Nikangoja nione ni nani anakuja kukaa na yeye," akasema. "Hakuna mtu alikuja. Alikula pole pole. Hakuna mtoto wa kunyoosha mkono kwa sahani yake, hakuna mtu anaita, hakuna mtu anangoja amalize ndio aoshe vyombo. Mama alinivuta sikio. Lakini mimi nilimwonea wivu, na haikuwa wivu ya chakula."

Mwende hakulisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Alikuwa amengoja jioni nzima, na subira ilikuwa imemwisha. Akamshika mama yake mkono.

"Sasa si umeona, Mwaitu? Umekula na yeye, na hakuna kitu imeharibika. Kitanda nimetandika. Kesho tunaenda nyumbani, si ndio?"

Mama mkwe akapangusa vidole, kimoja kimoja. Hakumjibu binti yake. Alinigeukia mimi.

"Baba Kioko, ile mbuzi yako haikuwa inachechemea. Ilikuwa tamu. Nthoni iliisha siku hiyo."

Nikaweka kijiko chini.

"Niliiweka tu, sababu ilinifaa," akaendelea. "Mtu akiniita kwake, niko na kitu ya kusema na haumii. Dada yangu hapa mjini aliniita, nikasema, hapo kwako kuna wakwe wa kuheshimu. Nyinyi mliniita, nikasema hivyo hivyo. Lakini nimeona huyu mtoto anakonda akifikiri ni mila inanifunga, na wewe unataka kuhama nyumba yako. Hiyo si haki. Ndio nimekuja nile na wewe, mjue hakuna kitu inanizuia. Naweza kuja. Sitaki."

Mwende aliuachia ule mkono. "Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka."

"Na kusiwe na mtu?"

"Mwende, nimelea watoto, nikauguza baba yako, nikapikia kila mtu alipiga hodi hapo kwetu. Sasa nikiamka, kile kikombe ni changu na naweza kukiacha hapo mpaka jioni. Nikisikia kutoka natoka. Hiyo miaka imebaki, kama ni kidogo, ni kidogo. Usininyang'anye ukiita ni mapenzi."

Mwende akaanza kulia, bila sauti, machozi yakidondokea kastadi. Akanitazama. Nilijua anachotaka. Mimi ndiye mkwe, sasa ulimi wangu ulikuwa umefunguliwa, na neno langu lingemlemea yule mama kuliko la binti yake. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka yote ile ya kuzungumza na kuku, na nilikuwa na hofu ya ile simu ya jirani ambayo ingekuja siku yoyote. Lakini nilikuwa nimeuona uso wake alipokuwa anakula, na sikuweza kujidanganya kwamba niliona mtu mpweke.

"Mwaitu," nikasema, nikimtazama usoni, "kaa kwako. Sisi ndio tutakuja."

Mwende aliniangalia kama nimemsaliti, na kwa muda mrefu baadaye aliniambia hivyo hivyo, kwamba nilimsaliti. Mama mkwe aliangalia barabarani, ambako watu walikuwa wanarudi makwao. Kile kishimo kilitokea shavuni.

"Mje," akasema. "Lakini mrudi."

Tulikwenda, na tulirudi, mpaka mwisho wake.